Nani anatuma, nani anapokea? Redio ya zamani na bafle ya Bluetooth

(Muziki wa kipindi. Unashuka polepole.)

MTANGAZAJI: Nyinyi mnaotusikiliza hapa Nkamira na mjini Gisenyi, na nyinyi wa Kiziba, Kigeme, Mugombwa, Nyabiheke na Mahama ambao kipindi kinawafikia kwenye karatasi na mnasomeana katika kikundi: karibuni wote. Leo hatuongei juu ya mgao wala juu ya kuandikishwa. Leo tunaongea juu ya redio yenyewe, ile ya zamani, yenye kitasa cha kuzungusha na antena iliyopinda.

Watu wengi walivuka mpaka wakiwa na godoro, sufuria na redio. Kijana atacheka na kusema, mzee, hiyo ya nini, simu inafanya yote. Lakini mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, umeme na intaneti vilikatika, na simu nyingi zikabaki kuwa tochi. Redio ya mawe iliendelea kuongea. Tena redio hizo za zamani nyingi zinashika mawimbi mafupi na ya kati, yale yenye alama SW na MW, ambayo simu zetu hazishiki kabisa. Bafle ndogo za siku hizi, zile wengine wanaziita spika za Bluetooth, zikiwa na redio ndani huwa ni FM tu.

Shida ya redio ya zamani ni mdomo wake. Ile spika ya ndani imepasuka karatasi, au ni ndogo, na kikundi cha watu ishirini hakisikii. Bibi wa miaka sabini anaweka sikio juu ya redio kama anayesikiliza moyo wa mtoto. Na hapo pembeni, katika nyumba hiyohiyo, mjukuu ana bafle ya Bluetooth inayotikisa hema. Masikio ya redio ni mazuri, mdomo wa bafle ni mzuri. Swali letu la leo ni jinsi ya kuviunganisha bila kupoteza pesa.

Nasema pesa kwa sababu. Baba mmoja alituletea kidude kidogo mfano wa flashi, alichonunua ili sauti ya redio yake iende kwenye bafle ya mtoto wake. Alilipa kwa pesa iliyokuwa ya mafuta na sabuni. Kidude kilikuwa kizima, taa inawaka vizuri kabisa. Lakini kilikuwa cha kupokea, na yeye alihitaji cha kutuma. Hakikuharibika, na hakitamsaidia kamwe katika kazi ile. Muuzaji hakutaka kukirudisha.

(Mlio mfupi.)

Basi tuanzie hapo. Bluetooth ni redio ndogo sana ya karibu. Ilianza kutengenezwa mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson huko Sweden, na jina lake limetoka kwa mfalme wa zamani wa Denmark, Harald, aliyepewa jina la utani la jino la buluu. Redio yako ya kaseti ikiwa ni ya miaka ya themanini, haikuwahi kusikia habari ya jino hilo. Haina njia ya kuongea na bafle hewani. Inahitaji mkalimani.

Kama ilivyo kwenye redio ya kawaida, kwenye Bluetooth kuna anayetuma na kuna anayepokea. Stesheni inatuma, redio yako inapokea. Redio yako haiwezi kuongea na redio ya jirani, hata ukiziweka pamoja usiku kucha, kwa sababu zote ni masikio. Katika Bluetooth, simu yako ikicheza muziki ndiyo inatuma. Bafle inapokea. Kwa hiyo kabla ya kununua kitu chochote, jiulize: sauti yangu inatoka wapi, na inakwenda wapi? Kitu cha kushikamana na redio ya zamani, ili sauti itoke ndani yake iende kwenye bafle, lazima kiwe cha kutuma. Kitu cha kushikamana na ampli ya zamani, ili sauti ya simu iingie ndani yake, lazima kiwe cha kupokea. Kwa macho ni kitu kimoja: plastiki nyeusi, taa ya buluu, tundu la kuchajia.

Tazama maandishi. Kwenye kile cha kutuma utaona herufi TX au neno "transmitter". Kwenye kile cha kupokea utaona RX au "receiver". Vingine vina swichi ndogo pembeni, upande mmoja TX, upande wa pili RX. Hivyo ndivyo bora, kama bei inakuruhusu, na baadaye nitakwambia kwa nini. Vile vilivyo rahisi sana, vinavyofanana na flashi na vinachomekwa kwenye gari, karibu vyote ni vya kupokea tu.

Na namna ya kukijaribu dukani ni hii. Nenda na redio yako mwenyewe, ikiwa na mawe. Mwambie muuzaji achomeke kidude kwenye redio yako, na sauti ya redio yako itoke kwenye bafle yoyote aliyo nayo pale. Usikubali akuonyeshe kwa simu. Akichomeka kidude kwenye bafle yake na kukichezea muziki kutoka kwenye simu, amekuthibitishia jambo moja, kwamba kile kidude kinapokea. Ndicho kile cha yule baba.

MTANGAZAJI WA PILI: Dada, kabla hujaendelea, hapa kuna swali la mama mmoja. Anauliza: kama sina pesa ya kidude, nifanye nini?

MTANGAZAJI: Asante kaka. Mama, pengine huhitaji kidude hata kidogo. Chukua ile bafle ya Bluetooth, igeuze, tazama nyuma, mara nyingi chini ya kifuniko cha mpira. Ukiona tundu dogo la duara lenye maandishi AUX, una bahati. Waya wa kawaida wenye fishi ndogo pande zote mbili unatosha. Upande mmoja unachomeka kwenye tundu la hedifoni la redio, lile lenye picha ya hedifoni au neno "phones" au "ear", upande wa pili kwenye AUX ya bafle. Bonyeza kitufe cha bafle, kile chenye herufi M, mpaka iache Bluetooth na kuhamia AUX. Kwa kawaida yule dada wa ndani ya bafle atakwambia kwa Kiingereza chake kwamba amehama.

Waya huo ni rahisi kuliko kidude, hauhitaji kuchajiwa, na hauchelewi. Mimi ningeanza na waya kila mara. Bluetooth ni ya wakati ambapo bafle haina tundu, au redio inatakiwa ikae mahali pengine, kwa mfano dirishani, ambapo antena inashika vizuri, na watu wamekaa upande wa pili.

Ukichomeka fishi, spika ya ndani ya redio itanyamaza. Usiogope, hujaiharibu. Tundu limetengenezwa hivyo.

Tazama pia fishi yenyewe. Kwenye chuma chake kuna pete nyeusi. Pete moja ni fishi ya sauti ya upande mmoja, redio nyingi ndogo za zamani ziko hivyo. Pete mbili ni ya pande mbili, kushoto na kulia. Pete tatu ni ile ya simu yenye maikrofoni. Fishi ya pete tatu kwenye redio ya zamani mara nyingine inaleta sauti ya ajabu, kama mtu anaongea akiwa ndani ya pipa, maneno yamezama na muziki umebaki. Badilisha waya kabla hujalaumu redio. Fishi ya pete mbili kwenye tundu la upande mmoja inaweza kukupa sauti upande mmoja tu wa bafle. Kwa habari na mahubiri si neno. Kwa kwaya utaona kuna kitu kimepungua.

(Muziki, sekunde kumi.)

MTANGAZAJI: Sasa umepata kidude cha kutuma, chenye TX. Kichaji kwanza mpaka kijae. Kisha, na hili ni la watu wa kambini hasa, kipeleke wewe, redio na bafle yako mahali pa wazi kidogo, mbali na nyumba za wengine. Kidude hiki hakina kioo kama simu. Hakikuonyeshi orodha ya majina ili uchague. Kinashika bafle ya kwanza inayokubali. Hapa tunaishi ukuta kwa ukuta, hema kwa hema. Kuna kijana alihangaika asubuhi nzima akisema kidude chake ni kibovu, kumbe sauti ya redio yake ilikuwa inatoka kwenye bafle ya kinyozi, safu ya pili, na kinyozi naye anashangaa kwa nini bafle yake imeanza kusoma taarifa ya habari.

Weka bafle na kidude karibu, hatua moja tu. Washa bafle, bonyeza kitufe cha Bluetooth mpaka taa imetemete haraka. Bonyeza na kushikilia kitufe cha kidude mpaka taa yake nayo imetemete haraka. Subiri, unaweza kuhesabu mpaka thelathini. Taa zikitulia, vimejuana. Sasa chomeka kidude kwenye tundu la hedifoni la redio na uwashe redio. Siku nyingine vitakumbukana vyenyewe, ilimradi bafle haijashikwa kwanza na simu ya mtoto. Kama imeshikwa, zima Bluetooth ya simu hiyo.

Sauti ya redio usiifungue yote. Iweke kati ya robo na nusu, halafu ongeza kwenye bafle. Ukisikia mkwaruzo kila mtangazaji akipaza sauti, redio imefunguliwa kupita kiasi. Ukisikia mvumo mwingi na maneno madogo, umeifungua kidogo mno. Tafuta kati.

Umbali: mahali pa wazi hesabu karibu mita kumi. Turubai la plastiki linapitisha. Bati halipitishi vizuri, na ukuta wa udongo mnene unapunguza. Mwili wa mtu nao unazuia, maana una maji mengi, ndiyo maana sauti inaanza kukatika kikundi kinapojaa wakati mlipokuwa wawili ilikuwa safi. Inua bafle na kidude juu ya vichwa vya watu, vionane.

Mvumo ni jambo jingine. Chaja rahisi za simu, na vile vidude vya kusimamia sola, vinatoa kelele inayoingia kwenye mawimbi mafupi na ya kati. Redio ikivuma kama nyuki, iondoe kwenye chaja, itumie mawe, na sogeza sola mbali. Ikiwa redio na bafle vyote vimechomekwa kwenye chanzo kimoja cha umeme na kuna mlio wa mmm usiokoma, acha kimoja kitumie betri yake. Mara nyingi unaisha papo hapo.

Na usichukue betri ya gari au ya sola ya volti 12 ukaifunga moja kwa moja kwenye kitu kinachochajiwa kwa waya wa simu. Vitu hivyo vinataka volti 5. Tumia chaja ile ya gari, inayoshusha.

MTANGAZAJI WA PILI: Dada, kuna jambo la kanisa hapa. Wana ampli kubwa ya zamani na bafle zake za mbao, walinunua mabafle mawili mapya ya Bluetooth, wanataka kuvifunga pamoja.

MTANGAZAJI: Hapa naomba kila mtu asikilize, kwa sababu hapa ndipo vitu vinaungua.

Nyuma ya ampli kuna aina mbili za mahali pa kutokea sauti. Kuna yale matundu ya duara, jekundu na jeupe, yaliyoandikwa LINE OUT au REC OUT au TAPE OUT. Hapo inatoka sauti ndogo, ya kusafiri kwenye waya kwenda kwenye chombo kingine. Na kuna vibanio, chekundu na cheusi, vinavyoshika waya uliochunwa wa bafle ya mbao. Hapo inatoka sauti yenye nguvu ya kusukuma spika kubwa. Ampli ya wati 50 kwenye bafle ya omu 8 inafikisha volti 20 hapo. AUX ya bafle ndogo, au kidude cha kutuma, kinategemea kiasi cha volti moja. Ukitoa waya kwenye vibanio ukaupeleka kwenye AUX, utasikia kelele kubwa mara moja, halafu kimya, halafu harufu. Kwa hiyo tumia tundu jekundu na jeupe, au tundu la hedifoni la ampli. Waya wenye fishi mbili, nyekundu na nyeupe, upande mmoja na fishi ndogo upande wa pili, unapatikana kwa mafundi wa redio na televisheni.

Kuna pia tundu la kuingizia lililoandikwa PHONO. Hilo ni la gramafoni, mashine ya sahani, ambayo sauti yake ni dhaifu sana. Ukiingiza simu hapo itapiga kelele mbaya. Tumia AUX, TAPE IN au CD.

Lakini kwa kanisa lenyewe, ushauri wangu ni kwamba msitumie Bluetooth kwa maikrofoni na kwaya. Sauti ya Bluetooth inachelewa. Inakusanywa, inabanwa, inatumwa, inafunguliwa, na hiyo kazi inakula sehemu ya sekunde, mara nyingi kama moja ya tano. Kwa taarifa ya habari huoni tofauti. Lakini mwimbaji akiimba na kujisikia nyuma yake mwenyewe, anapunguza mwendo ili aisubiri sauti yake, nayo inazidi kuchelewa, mpaka kwaya yote inalala. Na ukiwasha bafle za mbao kwa waya na zile mpya kwa Bluetooth pamoja, kila neno la mhubiri litasemwa mara mbili. Fungeni zote kwa waya. Bluetooth iachieni muziki kabla ya ibada.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa tugeuze njia. Hapa Rubavu FM za Goma zinaingia vizuri, miji hii miwili imegusana, mpaka umepita katikati tu. Unafungua Radio Okapi, ambayo ipo tangu Februari 2002, unasikia Kiswahili cha nyumbani. Lakini wengi mnajua kwamba Nkamira ni mahali pa kupita. Watu wanahamishiwa Mahama, kule Kirehe, upande mwingine kabisa wa Rwanda, karibu na Tanzania. FM haifuati basi. Mawimbi yake yanakwenda karibu kama mwanga wa tochi, milima inayakata, na Rwanda ni milima. Walioenda wanasimulia: siku ya kwanza Mahama mzee anazungusha kitasa kutoka mwanzo mpaka mwisho, anatafuta sauti aliyoizoea, hayupo.

Kule, habari za nyumbani kupitia stesheni zile zitatoka kwenye simu, kwa intaneti. Kwa hiyo kazi inageuka. Simu ndiyo inatuma, na redio ya zamani, kama bado ina spika nzuri, inakuwa mdomo. Sasa unahitaji kile cha kupokea, kilichochomekwa kwenye AUX au LINE IN ya redio au ampli. Ndiyo maana nilisema chenye swichi ya TX na RX ni bora: hapa Nkamira unakiweka upande mmoja, Mahama unakiweka upande wa pili. Na yule baba, kama atahamishwa, kidude chake kitapata kazi.

Redio ya kaseti isiyo na tundu la kuingizia ina njia nyingine, kaseti ya uongo yenye waya. Kaseti zenyewe zililetwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na hii ya uongo ina umbo lilelile, ila ndani haina utepe. Unaiweka mahali pa kaseti, waya unaingia kwenye simu, unabonyeza "play". Ilitengenezwa kwa ajili ya magari. Sauti ni nzuri kuliko unavyodhani.

Kuna pia kile kidude cha gari kinachorusha sauti ya simu kwenye FM, unaishika kwenye redio yoyote. Mimi sikipendi kambini. Masafa ya Rwanda yanasimamiwa na RURA, si ya kuchezea, na hata kidude kidogo kinaweza kufunika stesheni ambayo jirani yako anaisikiliza ukuta wa pili. Siku hiyo inaweza kuwa ndiyo siku ya tangazo alilokuwa akilingojea.

Na redio isiyo na tundu lolote, la kuingia wala la kutokea? Fundi anaweza kuifungua na kuweka tundu, akichukua sauti pale kwenye kitasa cha sauti au kwenye waya za spika kupitia rezista. Ikiwa ni redio ya mawe tu, ni kazi ndogo. Ikiwa ni ile ya kuchomeka ukutani, hapa ni volti 230, na baadhi ya redio za zamani sana chuma chao cha ndani kinagusana na umeme wa ukutani. Tundu lililowekwa hapo linaweza kumwua mtu atakayeshika waya. Hiyo usiguse wewe, wala usimpe kijana anayejifunza. Mpelekee fundi anayeijua, na akisema haifai, mwamini.

MTANGAZAJI WA PILI: Dada, jambo la simu. Umesema simu inatuma. Inatuma muziki tu?

MTANGAZAJI: Hapana, kaka, na asante kwa kuuliza, maana hili linaumiza watu. Simu iliyoshikana na bafle inapeleka huko kila kitu. Ukipigiwa, mlio unatoka kwenye bafle, na mara nyingi mazungumzo pia. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, unaubonyeza ukidhani utausikia sikioni, unasikika kwenye safu nzima. Mtu aliyebaki ng'ambo anakwambia amejificha kwa nani. Ofisi inakupigia kuhusu faili lako, jina lako na la watoto yanatajwa hadharani. Dada anakwambia habari ya hospitali. Sauti ikitoka kwenye bafle, huwezi kuirudisha.

Kabla ya kusikiliza ujumbe wowote, zima Bluetooth ya simu, usipunguze sauti tu. Ukiazima bafle ya mtu au ukiuza yako, ingia kwenye simu, penye Bluetooth, gusa jina la ile bafle na uchague kuisahau. La sivyo, utapita karibu nayo mwezi ujao na simu yako itaishika yenyewe, mfukoni, bila kukuuliza.

Kwa sababu hiyo, kwa kikundi cha kusikiliza mimi naipenda redio ya zamani iwe ndiyo inayotuma. Redio haipigiwi na mtu. Haina ujumbe wa siri ndani. Ikiwa lazima mtumie simu, tafuteni simu isiyo na laini, yenye redio au vipindi vilivyohifadhiwa ndani, iwe ya kikundi.

(Mlio mfupi.)

Nimalizie na kaseti, kwa sababu maswali ya kaseti ni mengi kuliko nilivyofikiri. Zamani, kabla ya simu, watu walitumiana kaseti badala ya barua. Baba yuko kazini mbali, anajirekodi, anamkabidhi msafiri. Wapo humu wenye kaseti moja tu, na ndani yake kuna sauti ya mtu ambaye hana picha wala kaburi linalojulikana. Wanataka kuisikia kwa bafle nzuri, familia nzima pamoja.

Tafadhali, usiijaribu njia yote hii kwa kaseti hiyo. Jaribu kwanza kwa kaseti ya muziki usiyoijali. Redio iliyokaa miaka bila kucheza inaweza kuumeza utepe na kuukunja. Safisha kichwa cha kusomea, kile chuma kinachong'aa, na ule mpira mdogo unaozunguka, kwa pamba na spiriti, na uache vikauke. Kaseti ya majaribio ikizunguka mpaka mwisho bila kulia wala kupunguza mwendo, na sauti inatoka kwenye bafle bila mkwaruzo, hapo weka ile ya thamani. Ifungue kwa kalamu kwanza, uizungushe kidogo kwa mkono kuona kwamba utepe haujagandana. Na mara hiyo ya kwanza uirekodi. Ukipata kompyuta yenye tundu la kuingizia sauti, waya uleule wa hedifoni unaingia hapo. Usipopata, weka simu inayorekodi mbele ya bafle, hatua moja, funga mlango, watoto wakae kimya. Simu hiyo Bluetooth yake iwe imezimwa, na mtandao pia, ili asipige mtu katikati. Kisha nakili rekodi hiyo kwenye simu mbili zaidi, za watu wawili tofauti.

Usianze na wimbo wa mwanzo ukasema utarekodi baadaye. Rekodi papo hapo, hata kama mnalia.

MTANGAZAJI WA PILI: Wenye redio na kaseti wanaotaka kujaribu kabla ya kununua chochote, leteni redio yenye mawe na bafle iliyochajiwa. Waya wa kujaribia tunao.

MTANGAZAJI: Na kipindi kijacho ni sola: kwa nini betri iliyojaa saa kumi jioni inakuwa imekwisha saa mbili usiku.

(Muziki wa kipindi. Mwisho.)